Mfyatua matofali anayefukia mashimo ili mkewe arudi nyumbani

Jua halijakolea, na Chuma yumo shimoni tayari, tope limemfika magotini. Anakanyaga udongo kwa miguu mitupu, anaongeza maji kidogo, anakanyaga tena. Ukishalainika anauchota kwa mikono miwili, anaubwaga kwenye kalibu ya mbao, anausawazisha kwa kiganja, kisha anainua kalibu polepole. Tofali linabaki chini, bichi, linang'aa kwa maji.

"Udongo hautaki kuonewa haya," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiukanyaga kwa huruma, tofali litapasuka tanuruni. Ukanyage kama una ugomvi nao."

Jina la Chuma alipewa na wafyatuaji wenzake, kwa sababu katika miaka yote aliyofanya kazi hapa hakuwahi kukosa hata siku moja kwa ugonjwa. Zamani alilivaa jina hilo kama koti la sikukuu. Siku hizi ukimwita hivyo anaitika, lakini anatazama pembeni.

Kazi yenyewe haina utajiri. Matofali mia moja, baada ya kuchomwa na kutoa yaliyopasuka, humpatia unga wa siku mbili na mche wa sabuni. Siku njema hufyatua mia tatu. Siku ya mvua hafyatui kitu, anakaa mlangoni kuangalia jasho la wiki nzima likiyeyuka na kurudi kuwa tope.

Mchana wenzake wakishanawa na kwenda zao, Chuma haondoki. Anachukua toroli, anajaza vipande vya matofali na kifusi, anavisukuma hadi nyuma ya nyumba yake, na kuvimwaga kwenye shimo la zamani lililojaa maji ya kijani.

Hapo ndipo wenzake wanapopata cha kuchekea. "Mtu asubuhi anachimba, jioni anafukia," anasema mmoja wao, mwembamba ambaye wote humwita Mbavu. "Huyu bwana akilipwa kwa vyote viwili atanunua mji." Kisha Mbavu anaacha kucheka, anashika beleshi na kumsaidia kujaza toroli, kwa sababu anajua shimo linafukiwa kwa ajili ya nani.

Mke wa Chuma hajalala katika nyumba ile kwa zaidi ya mwaka mmoja. Yuko hai, na hawajaachana. Anaishi upande wa pili wa mji kwa dada yake mkubwa, na watoto wao wawili wako naye. Daktari amesema haruhusiwi kulala mahali penye mbu wengi, na hapa kwenye mashimo mbu ndio wenyeji, binadamu ni wageni.

Yote yalianzia kwenye figo. Mama huyo alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kuinua sufuria ambayo wanaume wawili wangesaidiana. Baada ya uzazi wa pili shinikizo la damu lilimpanda likagoma kushuka, miguu ikavimba, na vipimo vilipokuja kutoka, figo zote mbili zilikuwa zimechoka. Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na sufuria akaziaga.

Madaktari wakasema njia ya kutoka kwenye mashine ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Chuma alikuwa wa kwanza kujitokeza. Kundi la damu liliwiana na la mkewe, akafurahi kabla ya wakati. Vipimo vya ndani zaidi vikakataa. Dada mtu akapimwa, akafaa.

"Nilimshukuru shemeji yangu, lakini ukweli niliona wivu," anasema Chuma, na wivu huo bado umo usoni mwake anapousimulia. "Dada anatoa figo. Mimi mume natoa nini? Machozi? Mwili mzima huu, halafu hauna faida kwa mke wangu?"

Hospitali ilipowaambia ndugu walete watu wa kutoa damu kwa ajili ya upasuaji, Chuma aliona mlango umefunguka. Kwa kawaida damu ya ndugu huingizwa kwenye akiba ya wote, na mgonjwa hupewa yoyote inayomfaa. Yeye hakutaka hivyo. Alimfuata muuguzi wa benki ya damu akamsihi, akamsihi tena, damu yake yeye iandikwe jina la mkewe.

"Nilimwambia, damu ya mtu nisiyemjua, sijui analala wapi, sijui anakunywa nini, iingie mwilini mwa mke wangu na mimi nipo? Haiwezekani." Muuguzi alichoka, akakubali.

Kabla ya kumtoa damu, muuguzi alimuuliza maswali ya kawaida. Mojawapo lilikuwa kama ameugua homa yoyote siku za karibuni, kwa kuwa damu hapo haipimwi malaria. Chuma alicheka. "Dada, mimi naitwa Chuma," alimjibu. "Sijaugua tangu nizaliwe." Muuguzi naye akacheka, kalamu ikaenda kwenye swali linalofuata.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Chuma alikuwa ametetemeka shimoni jua likiwa utosini. Alinunua vidonge vya malaria dukani, akameza nusu, alipojisikia nafuu akavihifadhi vilivyobaki chini ya mto kwa ajili ya safari nyingine. Hakuona kama alidanganya. Kwenye mashimo ya udongo homa haihesabiwi kuwa ugonjwa. Ni kama mafua, ni kama uchovu. "Mtu akitetemeka hapa," anaeleza Mbavu, "tunamwambia akanyage udongo kwa nguvu, atapata joto."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ya dada ilianza kutoa mkojo siku ileile, na ndugu waliokuwa wakingoja nje walikumbatiana. "Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia mkojo," anasema Chuma, na hapo kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele, mwanamume mzima."

Usiku uliofuata mgonjwa alivuja damu kwa ndani, wakamwongezea chupa iliyoandikwa jina lake. Alipopata nguvu ya kusema, alimshika mumewe mkono na kumwambia, "Sasa nimekamilika. Figo ya dada, damu ya mume wangu. Nani kama mimi?"

Chuma alitoka nje ya wodi akalia kwa furaha. Anasema siku hiyo alijiona mume kuliko siku ya ndoa.

Wiki iliyofuata homa ikaanza. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Mkojo ukapungua. Kwa mtu aliyepandikizwa figo, dalili kama hizo kwanza humfanya daktari ahofie kwamba mwili unaikataa figo ngeni, na ndivyo walivyodhani. Wakamwongezea dawa za kutuliza kinga ya mwili, ili kinga isiishambulie figo. Akazidi kuungua. Akaanza kuwaita watoto ambao hawakuwamo chumbani.

Ni fundi wa maabara aliyeombwa kuangalia damu kwa darubini ndiye aliyerudi na jibu: vimelea vya malaria, vingi. Mgonjwa aliyelala chumba kilichofungwa madirisha, ndani ya chandarua, asiyeumwa na mbu hata mmoja, amevipata wapi?

"Tulitafuta ugonjwa mkubwa tukaruka mdogo," anasema daktari wake wa figo, mama wa makamo anayeongea polepole kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. "Na dawa tulizompa kwa nia njema ziliwafungulia wadudu mlango. Hilo ni letu, si la mume wake."

Waliotoa damu kwa ajili yake waliitwa wapimwe. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa safi. Chuma aliwekwa kwenye kiti, akachomwa kidole, akangoja akiwa na uhakika wa mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Daktari alipomwambia kwamba vimelea vimo kwenye damu yake, alibisha.

"Daktari, mimi siumwi. Nimetoka kufyatua matofali asubuhi hii."

"Ndiyo maana," daktari alimjibu. "Umeumwa na mbu miaka mingi hadi mwili wako umewazoea hao wadudu. Kwako ni wapangaji, wanakaa kimya, kodi hawalipi, lakini nyumba haianguki. Kwa mkeo ni majambazi, na mlinzi wa nyumba sisi wenyewe tulikuwa tumempa likizo."

Chuma anasimulia kwamba aliinuka kwenye kile kiti, akatoka, akasahau viatu alivyovivua mlangoni. Alifika nusu ya ukumbi ndipo akahisi ubaridi wa sakafu.

Nje alimkuta shemeji yake, ameshika ubavu ambao kidonda chake kilikuwa hakijapona. Kabla ya hapo walikuwa watani wasioonana bila kurushiana maneno. Yeye humwita Chuma "mume mwenza", Chuma humwita "mke wa akiba". Siku hiyo hakukuwa na utani. "Kikulacho ki nguoni mwako," dada mtu alimwambia mbele ya watu. "Mimi nimepasuliwa ili wewe uje uimwagie uchafu figo yangu?"

"Ningesema nini?" anauliza Chuma. "Nilitamani anipige. Angenipiga ningepumzika."

Mgonjwa alichomwa sindano za malaria, akakaa kati ya kufa na kupona, kisha akapona. Figo haikupona yote. Inafanya kazi kidogo, na kila kipimo kinaonyesha imepungua kuliko mara iliyopita. Daktari haahidi. Anasema inaweza kushikilia, na inaweza kumrudisha kwenye mashine. Anachosema bila kusita ni kwamba malaria nyingine, hata ya kung'atwa na mbu kama watu wote wanavyong'atwa, itaimaliza. Dawa za kutuliza kinga atazimeza maisha yake yote, kwa hiyo mlinzi hatarudi kazini.

Siku ya kutoka hospitali, dada mtu alikuja na gari la kukodi na hakumuuliza mtu. Alimpakia mdogo wake, akapakia watoto, akamwachia Chuma mfuko wa nguo chafu afue.

Chumba anachoishi mama huyo sasa ni kidogo na safi. Dirisha lina wavu uliopigiliwa misumari pande zote, na chandarua kimechomekwa chini ya godoro hata mchana. Dada yake ni fundi cherehani. Mlio wa cherehani husikika sebuleni kutwa, na ukinyamaza ujue anasikiliza wanayozungumza wenzake.

Chuma huenda kila Jumapili. Hujisugua kucha mpaka udongo utoke, huvaa shati la mikono mirefu. Mlangoni hapiti hivi hivi. Dada mtu humkalisha kwenye kigoda, humtia kipimajoto kwapani kama mtoto wa chekechea, naye, ndevu zake zikiwa na mvi, hungoja aambiwe apite. Daktari aliwahi kumweleza dada huyo kwamba malaria haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kushikana mikono. Alimjibu, "Wewe ni daktari wa figo. Mimi ndiye mwenye figo."

Ukimuuliza kama amemsamehe shemeji yake, anakata uzi kwa meno kwanza. "Mtu huyu anampenda mdogo wangu, sikatai. Mapenzi yake ndiyo yaliyotufikisha hapa. Angempenda kidogo tu, angeacha apewe damu ya akiba kama wagonjwa wengine." Kisha anaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna siku ubavu unamuuma pasipo sababu, na siku hizo hapendi kumwona mtu yeyote.

Mke mwenyewe hana hasira, na hilo ndilo linalomtesa Chuma zaidi. Amekonda, uso umekuwa wa duara kwa dawa, lakini ulimi haujaugua. "Wote wawili wananigombania kama kiwanja," anasema. "Mmoja anadai figo, mwingine anadai damu. Hakuna anayeniuliza mwenye kiwanja nataka kujenga wapi."

Anataka kwake. Anataka jiko lake na kitanda chake, na ugomvi wa kuku wa jirani. Anasema kuishi kwa mtu, hata awe dada aliyekupa kiungo chake, ni kuishi kwa mtu. Ukitaka kulia unaangalia kwanza nani yuko sebuleni.

Ndiyo maana Chuma anafukia. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mashimo matatu yaliyoachwa na wafyatuaji wa zamani, yote yamejaa maji yasiyokauka, na viluwiluwi vya mbu vinaonekana kwa macho vikijinyonganyonga. Mwenye eneo alimruhusu kuyafukia, huku akimshangaa. La kwanza limekwisha na juu yake majani yameota. La pili limekwisha. La tatu ndilo kubwa, na kila anapodhani linakaribia kujaa, toroli zilizomwagwa jana zinakuwa zimezama.

Jumapili iliyopita alimkuta mkewe ametoka kliniki na majibu. Figo imeshuka tena. Daktari ameanza kuzungumzia mashine, taratibu, kama mtu anayemzoesha mgonjwa sauti ya jambo. Mama huyo hakulia. Alimngoja mumewe atolewe kipimajoto, aingie, aketi, ndipo akasema.

"Baba watoto, nichukue leo. Kama nitarudi kwenye mashine, basi nirudi nikitokea kwangu. Nimechoka kulindwa."

Sebuleni cherehani ilinyamaza. Dada mtu akasimama mlangoni, kitambaa mkononi, amejiandaa kupigana. "Kule kwenye mbu? Nani anakwenda kule?"

Chuma ndiye aliyejibu. Mwanamume ambaye mwaka mzima amesukuma toroli kwa ajili ya kusikia neno "nichukue", aliinamisha kichwa akasema, "Hapana, mama watoto. Bado."

Mkewe akamtazama. "Wewe? Wewe ndiye unayenikataa?"

"Nimepimwa wiki hii," alisema. Siku hizi hupimwa kila mwezi kwa hiari yake, na dozi humeza yote hadi kidonge cha mwisho. "Mwezi uliopita nilikuwa safi. Safari hii wameviona vimelea tena. Maana yake nimeumwa na mbu palepale nyumbani, ninakolala mimi. Homa sina. Nisingepimwa ningekuja leo kukuambia pako salama, na ningeamini ninayosema."

Mama huyo aligeukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika, na safari hii hakuangalia nani yuko sebuleni. Chuma alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena na kumwekea mgongoni. Dada mtu alibaki mlangoni muda mrefu. Kisha akaenda jikoni kuchemsha chai, akaleta vikombe vitatu badala ya viwili, na yeye mwenyewe akaketi.

Alasiri hiyohiyo Chuma alirudi kwake kwa miguu, akavua shati la Jumapili, akashika beleshi. Amekwishapigia hesabu kifusi kilichobaki kwenye tanuru la zamani na anaamini kitatosha. Mbavu na wengine wawili wamemwahidi kumsaidia kila jioni, ingawa hawajaacha kumcheka. Shimo likishajaa, atatia wavu madirishani, atampigia daktari magoti aje aone kwa macho yake, na daktari akikubali atamleta mkewe, akiwa na figo inayofanya kazi au akiwa wa mashine.

Kuna kitu kimoja asichokiweza. Mvua zimekaribia, na shimo kubwa likijaa maji kabla halijajaa udongo, kazi itasimama hadi msimu upite. Hajui kama figo itasubiri msimu upite.

Anatua toroli, anajifuta uso kwa mkono wenye tope, anatazama mbingu.

"Wenye mashamba wote wanaomba mvua ije," anasema. "Mimi kila nikilala naomba ichelewe. Najua ni dhambi, watu watalala njaa. Lakini ichelewe kidogo tu, nimalizie hapa. Wanisamehe."